Shajara ya mradi wa kanda: pumzi kabla ya neno

3 Machi

Kanda 38 ziko mezani hapa Magomeni. Zimetoka nyumba 11. Nyingi ni za dakika 60 na 90, na tatu ni za dakika 120. Ndani yake mna dansi la miaka ya 1970 na 1980 lililonaswa redioni, taarab iliyorekodiwa ukumbini watu wakiwa wamejaa, kwaya za msibani, na kanda moja ya bibi akimbembeleza mjukuu. Wenyewe hawakuzileta kwa kuwa ni adimu. Karibu kila mmoja amesema jambo lilelile kwa maneno yake: huu wimbo ulikuwa unaniliza, sasa nikiupata kwenye simu haunilizi.

Basi swali la mradi ni hilo. Wimbo ni uleule na mwimbaji ni yuleyule, kimetoka nini humo?

Tunaanza na dhana moja, na kila hatua itapimwa nayo. Kinacholiza kimo katika vitu vidogo: pumzi inayovutwa kabla ya mstari, kuchelewa kidogo kwa neno, sauti inayoegemea noti isiyo yake kisha ikashuka. Vitu hivyo ndivyo vinavyokufa kwanza mashine ikiwa mbovu, na ndivyo vinavyofutwa kwanza mtu akianza "kusafisha". Kwa hiyo hatusafishi kanda. Tunakitafuta kilio kilichomo.

5 Machi

Ukaguzi. Hakuna kanda inayoingia kwenye deki kabla ya kutazamwa kwa tochi pande zote mbili. Tunaangalia vitu vitatu: felti, ukungu, na kiungo cha utepe na ile plastiki ya mwanzo.

Felti ni kile kipande kidogo cha sufi kilichokaa juu ya kibati cha shaba, kinachoubana utepe dhidi ya hedi, yaani kichwa cha deki kinachosoma utepe. Gundi yake ikikauka, felti hudondoka. Utepe unapita mbali kidogo na hedi, sauti zote za juu zinapotea, na mwenye kanda anaamini kanda imekufa. Kanda 9 kati ya hizi zina tatizo hilo na hazijafa. Dawa ni kuhamisha utepe kwenye ganda jipya la skrubu tano. Laza kanda upande A ukiwa juu, weka alama roli ya kushoto kwa kalamu ya wino, fungua skrubu bila kuiinua, kisha hamisha roli zote mbili kwa pamoja. Yale magamba yaliyounganishwa kwa joto hayana skrubu. Hayo yanapasuliwa kwa wembe kuanzia kona za nyuma, mbali na mdomo unakopita utepe. Anayeanzia mbele atakata utepe.

Ukungu upo kwenye kanda 4, unga mweupe pembezoni mwa roli. Dar es Salaam haina huruma na utepe: joto na unyevu vinakaa pamoja mwaka mzima, na kabati likiegemea ukuta wa nje ndiyo basi. Kanda hizo zimetengwa kwenye boksi lenye mfuniko pamoja na pakiti za silika jeli. Haziguswi mpaka zikauke, na anayezishika anavaa barakoa.

9 Machi

Deki mbili za mtumba kutoka Kariakoo. Ya kwanza belti yake imegeuka lami. Ukiishika inabaki vidoleni, na imepaka puli zote. Puli zimesafishwa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na pamba. Kipimo cha belti mpya tumekipata kwa uzi: zungusha uzi kwenye njia yote ya belti, pima urefu, punguza kama asilimia 5. Belti ikilegea sauti inayumba. Ikikaza mno inaminya mhimili wa mota, na sauti inayumba vilevile.

Roli ya mpira inayovuta utepe imepigwa msasa mwepesi kisha ikafutwa kwa maji ya uvuguvugu, siyo spiriti, maana spiriti hukausha mpira.

Kasi: tumecheza kanda ya kupimia yenye mlio wa 3,150 Hz (mitetemo kwa sekunde) baada ya deki kuwaka dakika 30. Ilisoma 3,213, yaani inakimbia kwa asilimia 2. Nyuma ya mota kuna tundu dogo lenye skrubu ndani. Imezungushwa kwa bisibisi ya plastiki mpaka 3,150, ikipanda na kushuka kwa 6 hivi. Tuliwahi kuipima ikiwa bado ya baridi, tukarekebisha, na baada ya nusu saa ikawa imehama. Mota ipate moto kwanza.

12 Machi

Pembe ya hedi. Kila redio kaseti iliyorekodi kanda hizi ilikuwa na hedi iliyokaa kwa pembe yake, na deki yetu ina yake. Zisipolingana, sauti za juu zinafifia na mwimbaji anasikika kama ameziba mdomo kwa leso. Pembeni mwa hedi kuna skrubu yenye springi. Unganisha chaneli mbili ziwe moja, vaa hedifoni, zungusha skrubu robo ya robo ya mzunguko ukisikiliza "s" na "sh" za mwimbaji. Zikichomoza kwa ukali kuliko mahali pengine popote, hapo ndipo. Hili linafanywa kwa kila kanda, na mara nyingine kwa kila upande, kwa kuwa wimbo wa upande B ulirekodiwa kwenye redio ya jirani.

Mambo mawili ya swichi, na hapa watu wengi wanaharibu bila kujua. Kanda za kawaida za oksaidi ya chuma zichezwe swichi ya aina ya kanda ikiwa kwenye alama ya 120. Ukiziacha kwenye 70 zinafifia juu. Na Dolby, ile swichi ya kupunguza shhh ya utepe, izimwe kama kanda haikurekodiwa nayo, na hizi karibu zote hazikurekodiwa nayo. Dolby B inashusha sauti za juu hasa pale ambapo sauti ni ndogo, hadi desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Sauti ndogo yenye masafa ya juu ni nini? Ni pumzi. Mtu anawasha swichi ili kupunguza ile shhh, na pumzi ya mwimbaji inaondoka nayo.

Tunanasa kwa biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde, kilele kisizidi desibeli −6. Kanda ya dakika 60 inakula kama GB 2. Nakala hii ya kwanza haiguswi tena, kazi zote zinafanywa juu ya nakala yake. Kompyuta na deki ziko kwenye UPS, betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya upande deki inasimama ghafla, roli ya mpira ikiwa bado imeubana utepe, na hapo utepe unapata kovu.

16 Machi

Leo ni kasi ya wimbo wenyewe, na hii ndiyo siku muhimu kuliko zote mpaka sasa.

Kurekebisha deki yetu hakutoshi. Redio iliyorekodi mwaka 1979 inawezekana ilikuwa ikienda polepole, na kanda iliyorekodiwa polepole ikichezwa kwa kasi sahihi inakimbia. Ikikimbia asilimia 3, sauti inapanda karibu robo toni. Kwa namba ni kidogo, ila tatizo haliishii kwenye noti. Mapigo yanaharakishwa, mtetemo wa koo unaharakishwa, na mwili mzima wa sauti unakuwa mwembamba. Mwanamume wa makamo anayelia anageuka kijana anayelalamika. Mtu anayeufahamu wimbo huo anasikia kuna kitu, hawezi kukitaja, na machozi hayaji.

Shahidi wetu ni umeme. Gridi yetu ni ya 50 Hz, na redio iliyochomekwa ukutani huacha mvumo wake hafifu kwenye utepe. Ukiukuta mvumo huo kwenye 51.6, kanda inakimbia kwa asilimia 3.2.

Namna ya kuusoma: tengeneza nakala ya kupimia yenye sampuli 1,000 tu kwa sekunde, ifungue kwenye spektogramu, ile picha inayoonesha sauti za juu na za chini, kwa dirisha la sampuli 8,192. Hapo unasoma kwa hatua ya 0.12 Hz. Ukipima kwenye faili kubwa lenyewe kwa dirisha la kawaida hutaona tofauti ya 50 na 51.

Mitego ni mitatu. Wa kwanza ni gitaa la besi. Noti yake ya G ya chini ni 49 Hz na noti inayofuata juu yake ni karibu 51.9, kwa hiyo besi inakaa juu ya mvumo na kukudanganya. Besi inaruka, mvumo ni mstari ulionyooka tangu mwanzo hadi mwisho, basi tazama upande mzima na usitazame sekunde kumi. Au usome kwenye 150, mara tatu yake, ambapo kuna nafasi zaidi. Wa pili ni kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine. Hiyo ina mistari miwili, kwa mfano 50.1 na 51.6. Anayechukua ule ulio karibu na 50 anasema kanda ni nzima. Siyo. Mstari wa zamani ndio uliosafiri pamoja na muziki, na unautambua kwa kuwa unayumba pale sauti ya mwimbaji inapoyumba. Huo ndio unarudishwa kwenye 50. Wa tatu ni jenereta. Muziki uliorekodiwa ukumbini kwa jenereta hauna shahidi wa kuaminika, maana jenereta yenyewe hupanda na kushuka kadiri mzigo unavyobadilika. Hapo tunasikiliza tarumbeta na saksafoni, ambazo zimetengenezwa kwa A ya 440, tukikumbuka kwamba kwenye joto zinapanda kidogo. Magitaa hayana ushahidi, yalifuata tarumbeta.

Kanda ya 17 ndiyo iliyosoma 51.6. Imerudishwa. Wimbo umetoka dakika 6 na sekunde 28 hadi dakika 6 na sekunde 40, mapigo yametoka 95 hadi 92 kwa dakika. Programu iambiwe ibadilishe kasi na noti kwa pamoja, kama utepe ulivyofanya. Ukichagua kubadilisha kasi peke yake, noti inabaki pale juu na kosa linabaki nalo.

Mwenye kanda alisikilizishwa mara moja, bila maelezo. Alisema, "Hapo sasa ndiyo yeye."

20 Machi

Tumekosea, na kosa liandikwe lote.

Kanda ya 17 ni dansi la polepole lililonaswa redioni. Sauti ya mtangazaji bado ipo mwanzoni na itabaki. Bendi za wakati ule zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, barabara ya Pugu, wote wakipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na uwiano ulipatikana kwa mpigaji kusogea mbele au kurudi nyuma. Hakuna cha kutenganisha humo. Tumba imo ndani ya maikrofoni ya mwimbaji, na mwimbaji yumo ndani ya tarumbeta.

Kwenye ubeti wa tatu mwimbaji anafika kwenye neno "mama" na anasimama. Sekunde 1.4. Rithimu inaendelea chini, gitaa la solo linashusha noti tatu, kisha inasikika pumzi ikivutwa, fupi, yenye kukwama kidogo katikati, ndipo neno linatoka. Pumzi ile iko −46 dB. Shhh ya utepe iko −52. Tofauti yao ni desibeli 6 tu.

Tulichukua sampuli ya shhh mwanzoni mwa kanda, tukaiambia programu ipunguze kwa desibeli 18. Kanda ikawa kimya kama usiku. Sekunde 1.4 zikawa tupu, na mwimbaji akaingia kama mtu aliyesahau maneno na kuyakumbuka. Pumzi ilichukuliwa kuwa ni uchafu, ikafutwa. Na si pumzi tu: "dh" ya "dhiki" ikawa "z", na "th" ikapotea kabisa.

Sasa kanuni ni hii. Punguzo la shhh lisizidi desibeli 5 hadi 6. Lifanyike juu ya 5,000 Hz tu. Kila pumzi iliyo kabla ya mstari ipigwe alama kwa mkono na iachwe nje ya punguzo, pamoja na nusu sekunde kabla yake, ili sikio lisiugundue mpaka. Kazi hii kwa wimbo mmoja inachukua karibu saa mbili. Zinastahili. Baada ya dakika moja sikio linaizoea shhh na kuisahau, lakini pumzi iliyotoweka hairudi kwa kuzoea.

24 Machi

Neno lenyewe. "Mama" halianzi kwenye noti yake. Linaanza hatua moja juu, kwenye noti isiyomo ndani ya kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) ya gitaa la rithimu, linaegemea pale kwa muda, kisha linashuka. John Sloboda, mwanasaikolojia wa muziki wa Uingereza, aliwauliza wasikilizaji 83 sehemu gani hasa ya muziki huwatoa machozi au kuwasisimua, na matokeo yake ya mwaka 1991 yalionesha kuwa machozi yanafuatana sana na noti za kuegemea za namna hiyohiyo, wakati mwili kusisimka kunafuatana zaidi na mabadiliko ya kodi yasiyotarajiwa. Muziki wao ulikuwa wa Kizungu. Lakini mwimbaji wa kanda ya 17 anaegemea mara saba, na kila mara ni kwenye neno la kumwita mtu.

Tumepima: noti ya kuegemea ina nguvu kuliko ile inayoifuata kwa desibeli 4 hadi 5. Ndiyo umbo la kite, kuegemea kwa uzito na kuachia kwa unyonge. Sasa chukua nakala ya wimbo huohuo inayozunguka kwenye simu. Imepitishwa kwenye kibanio cha sauti ili isikike kubwa. Noti mbili zile zina nguvu sawa. Kite kimenyooshwa kikawa mstari. Kisha imeminywa kuwa faili dogo, sauti za juu zikakatwa, pumzi ikaenda nazo. Kisha inachezwa kwenye spika ya simu, ambayo chini ya 300 Hz haina kitu cha maana, kwa hiyo besi na kifua cha mwimbaji havipo. Hilo ndilo jibu la swali la 3 Machi kwa sehemu kubwa. Wimbo wa kwenye simu una maneno na una melodia, ila mtu aliyekuwa akilia ameondolewa.

Hatutumii kibanio kwenye wimbo wowote. Ukubwa wa sauti unalinganishwa kwa kushusha au kupandisha wimbo mzima, basi.

29 Machi

Taarab, kanda ya 22 hadi ya 27.

Onyo la kwanza ni programu za kunyoosha sauti, zisiguse kanda hizi. Zinajua noti 12 tu. Katika maqamu (ngazi ya noti za Kiarabu) ya bayati, hatua ya pili iko karibu senti 150 kutoka ya kwanza (senti 100 ni umbali wa noti mbili za kinanda zinazofuatana), katikati ya noti mbili za kinanda. Katika maqamu ya rasti, ya tatu iko hapohapo katikati. Fidla na mwimbaji wanakutana mahali hapo pasipo na kitufe, na uchungu wa taarab ya zamani unakaa hapo. Programu ikiusogeza senti 50 upande wowote, inabaki melodia safi isiyomhusu mtu.

La pili ni vigelegele. Kanda ya 24 ni ya ukumbini, na kila fumbo linapompata mwenyewe watu wanainuka kwenda kutunza, vigelegele vinapiga, maikrofoni inapasuka. Ilipendekezwa vikatwe. Hapana. Msikilizaji wa leo anaambiwa na vigelegele vile kwamba mstari umechoma, na mara nyingi anaelewa fumbo kwa kupitia kwao. Tumevishusha desibeli 4 kwa mkono, kimoja kimoja, kwenye eneo la 2,500 hadi 4,000 Hz ambako ndiko vinakoumiza sikio.

La tatu, tusikate urefu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu, na shairi lilipaswa kuingia humo. Kaseti ilifungua mlango, wimbo mmoja wa kanda ya 24 unakwenda dakika 19. Dakika nne za mwanzo ni ala peke yake. Zinaonekana ndefu kwa aliyezoea nyimbo za leo, lakini zinafanya kazi. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal walipima ubongo wa watu wakisikiliza muziki unaowasisimua, wakaona dopamini, kemikali ya raha ya ubongo, inatoka mara mbili mahali tofauti: wakati wa kungoja kilele, na wakati wa kilele chenyewe. Ukikata kungoja umekata nusu. Dansi nalo ni hivyohivyo. Sehemu ya polepole yenye beti ikiondolewa ili kufikia chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, haraka, chemko linakuwa fujo tu.

4 Aprili

Kwaya za msibani: fupi. Kanda 6, zote nzuri. Tatizo lilikuwa mwangwi wa chumba na kilio cha watu nyuma. Kilio kimeachwa. Kwenye mbili, sauti ya pili inaingia chini ya ya kwanza baada ya ubeti mzima wa sauti moja, na hapo ndipo kila anayesikiliza anasogea kwenye kiti.

Familia mbili zimeomba kanda zao zisichezwe mbele ya watu wengine. Zimenaswa, zimerudishwa na nakala yao, na hapa hazikubaki.

10 Aprili

Kanda ya 33, bibi na bembelezi. Hii imechukua siku nne.

Haina mvumo wa umeme. Ilirekodiwa kwa redio ya betri, na betri zilikuwa zinakwisha. Betri zikiishiwa mota inapunguza mwendo, na kanda ya namna hiyo ukiicheza leo inaanza sawa kisha inapanda polepole. Dakika ya kwanza ni bibi. Dakika ya 14 ni kama binti.

Ugumu ni kwamba bibi anaimba bila ala, na mtu anayeimba bila ala hupanda au kushuka mwenyewe, hasa mtoto akikaribia kulala, maana sauti hupunguzwa. Tukinyoosha noti zote zilingane na za mwanzo tutafuta kile alichokifanya kwa makusudi. Ilibidi kupata kitu ambacho mwimbaji hawezi kukibadilisha kwa kuimba juu au chini. Kitu hicho ni umbo la kinywa. Kila irabu ina vilele vyake vya mlio vinavyotokana na ukubwa wa kinywa na koo, na havihami kwa kiasi kikubwa mtu akibadilisha noti. Vikihama vyote kwa uwiano mmoja, kilichohama ni utepe.

Tumepima kilele cha pili cha "a" kwenye neno lilelile la kiitikio, linalorudi mara 11. Mwanzoni kiko 1,350 Hz, mwishoni 1,404. Asilimia 4. "O" na "i" zimetoa uwiano uleule, kwa hiyo ni betri. Tumechora mteremko kutoka 0 hadi asilimia 4 kwa pointi 11, tukarudisha kasi kwa mteremko huo. Noti hazikunyooka. Kumbe bibi alikuwa akishuka, karibu nusu toni nzima tangu kiitikio cha kwanza hadi cha mwisho, na utepe uliokuwa ukipanda ulikuwa umekificha kitendo hicho chote. Sasa inasikika: sauti inashuka, mistari inaachana, pumzi zinakuwa ndefu kadiri mtoto anavyolegea. Kiitikio cha mwisho hakina maneno, ni mvumo wa mdomo uliofungwa. Jogoo anawika mbali. Shhh haikuguswa.

17 Aprili

Maandalizi ya kusikilizisha. Nyimbo 8, kila moja nzima.

Jaribio la chumba limefanyika leo na adui amejulikana: pangaboi. Likizunguka kwa kasi ya tatu linafunika pumzi zote tulizohangaika nazo. Kwa hiyo kikao kiwe jioni, pangaboi liwe linawaka kati ya wimbo na wimbo na kuzimwa wimbo ukianza. Kianze baada ya sala ya Magharibi, na madirisha ya upande wa barabara yafungwe kwa ajili ya bodaboda. Spika mbili, usawa wa sikio la mtu aliyekaa, mita moja kutoka ukutani. Sauti kiasi cha mazungumzo ya karibu, isizidi. Ikiwa kubwa watu wanajilinda.

Kanda ya 17 itachezwa kwa matoleo mawili, la simu na la kwetu, bila kusema lipi ni lipi, yote yakiwa kwenye −18 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika. Bila kuyalinganisha, toleo lenye sauti kubwa litashinda hata likiwa bovu. Anayesikia mwili kusisimka au koo kukaba ananyoosha mkono, na sekunde inaandikwa.

Kabla ya wimbo wa msiba watu waambiwe unakuja wimbo wa msiba, na anayetaka kutoka atoke. Baada ya kila wimbo ukimya wa sekunde 20, mtu asishike kipaza sauti.

Kuhusu kuweka nyimbo mtandaoni: hatuweki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na watunzi wa kanda hizi wengine wako hai, wengine wana watoto. Anayetaka kuzitumia zaidi ya kusikiliza nyumbani aanzie COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

19 Aprili

Kikao kimefanyika. Kwa toleo la simu la kanda ya 17 mikono ilipanda hapa na pale, zaidi kwenye chemko. Kwa toleo la kwetu ilikusanyika sehemu moja, ubeti wa tatu, na haikusubiri "mama". Ilipanda ndani ya zile sekunde 1.4, kwenye pumzi.

Bembelezi: hakuna aliyenyoosha mkono. Kwenye mvumo wa mwisho mama aliyeileta kanda alikuwa amefumba macho, naye akivuma pamoja na bibi, kwenye noti ileile iliyoshuka.

22 Aprili

Zilizobaki: kanda 4 za ukungu, ambazo zina wiki ya saba kwenye silika jeli. Pakiti zimebadilishwa mara mbili. Kanda ya 31 unga umekauka na unatoka kwa brashi laini, itachezwa Jumamosi kwenye deki ya pili, ile isiyo nzuri, hedi ikifutwa kila dakika 10. Kanda ya 5 utepe umekatika karibu na mwanzo. Utaungwa kwa utepe wa kuungia wa milimita 3.8, siyo selotepu, kwani gundi ya selotepu inavuja na kuukamata mzunguko unaofuata.

Masika imeanza kwa nguvu. Boksi limehamishiwa ukuta wa ndani.